Bustani ya Nyumba Mlimani: Somo kwa Wenye Makazi ya Miteremko



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo la nyumbani, yaani jinsi ya kutengeneza bustani mahali penye mteremko. Labda mtu atasema, "Hilo si jambo la kufundishwa, maana kila mtu ajua kulima." Kweli, kulima twajua sote. Lakini mlima una sheria zake, na mtu aliyejifunza kulima bondeni hupanda mlimani pamoja na desturi za bondeni. Mwaka wa kwanza hupata mavuno mema, akafurahi. Mwaka wa pili mavuno hupungua. Mwaka wa tatu mawe yameanza kuonekana, na udongo mweusi umekwisha kwenda zake, wala hapana awezaye kuufuata na kuurudisha.

Tunapoandika haya twafikiri hasa habari za Kidete, katika wilaya ya Kilosa. Wasafiri wa Reli ya Kati wapajua mahali hapo, kati ya Kilosa na Gulwe, ambapo njia ya treni hufuata bonde la mto Mkondoa. Reli hiyo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Wajenzi wake walipofika kwenye milima ya Usagara walitafuta njia iliyokwisha kuchimbwa na maji. Basi hapo mto na reli vimesongamana katika bonde moja, na vilima vimesimama pande zote mbili.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na katika Januari 2010 mvua kubwa ilileta gharika katika bonde hilo. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilivunjwa, treni zikakoma kupita kwa miezi, na maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi yao. Watu walisema, "Mto umetuangamiza." Nasi twauliza: Je, mto una maji yake wenyewe? Maji yale yalikuwa mvua iliyoanguka juu ya milima, juu ya mashamba, juu ya mapaa ya bati, nyua na vijia vya watu, kuanzia Dodoma ulikotoka mto Kinyasungwe, hata vilima vya Kilosa. Na ule udongo mwekundu uliokuwa ndani ya maji, kabla ya siku ile sehemu yake ilikuwa bustani ya mtu.

Hatusemi kwamba bustani zetu ndizo zilizoleta gharika ile, maana mvua ilikuwa nyingi mno, na milima imekatwa miti na kuchomwa moto kwa miaka mingi. Twasema hivi tu: mwenye bustani ya mteremko hawezi kuyaamuru mawingu, lakini aweza kuyaongoza maji yaangukayo katika kiwanja chake. Hilo ndilo somo letu. Kwanza maji, kisha udongo, kisha jirani wa chini. Baada ya hayo ndipo tutafute mbegu na miche.

I. TABIA YA MAJI MLIMANI

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 50 maana yake ni lita 50 katika kila mita moja ya mraba. Kiwanja chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30 kina mita za mraba 600. Basi mvua hiyo ikinyesha siku moja, kiwanja kimepokea lita 30,000, yaani ndoo 1,500 za lita 20. Tena nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 8 hupokea lita 2,400, yaani ndoo 120, na maji hayo yote hudondoka pembeni mwa ukuta katika mistari miwili tu. Mwenye nyumba ambaye hakuyatengenezea njia ameyaachia yajichagulie njia yenyewe.

Maji yakichagua njia, huchagua iliyo fupi. Kadiri mteremko unavyozidi ukali na urefu, ndivyo mwendo wake unavyozidi. Na mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kusukuma huwa mara nne. Ndiyo sababu juu ya bustani maji ni safi na hayana madhara, katikati yamekuwa mekundu, na chini yamekwisha kuchimba korongo. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni mwendo. Kumbe basi, kazi yetu si kupigana na maji bali kuyapunguzia mwendo.

Kwa hiyo mwenye bustani ayakumbuke maneno matatu. La kwanza, maji yazame hapo yanapoanguka. La pili, yasiyozama yatulie, yapate kuacha udongo wake. La tatu, yasiyoweza kuzama wala kutulia yapite katika njia tuliyoitengeneza sisi, yenye majani, polepole.

II. MAFUNDISHO YA WALIOTUTANGULIA

Kabla ya kushika jembe yafaa kuangalia walivyofanya wengine. Tuanze na majirani zetu wa Uluguru, ambao wamo katika mkoa huu huu wa Morogoro.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika milima yao, ili kuuzuia udongo usichukuliwe. Nia ya kuzuia udongo ilikuwa njema. Lakini watu walilazimishwa kwa amri na adhabu, na kazi yenyewe ilikuwa nzito sana. Tena udongo wa milima ile mahali pengi ni mwembamba. Walipochimba ngazi, udongo mzuri wa juu ulifukiwa, na udongo usio na rutuba wa chini ukatokea juu, hata mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Watu wakaona wanafanya kazi ya bure. Mwaka 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, damu ikamwagika, na mpango ule ukaachwa.

Sasa twende kusini, kwa Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Hao nao hukaa katika milima mikali, nao wamelima humo zaidi ya miaka mia bila mlima kuwaishia. Hutumia mashimo waitayo ngoro. Hufyeka majani, wakayalaza juu ya ardhi katika mistari yenye kukatana kama mistari ya wavu, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani yale. Basi mlima mzima huwa na vishimo vingi, na kati yake matuta yenye majani tumboni. Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea fungu lake la maji na kuyashika. Majani huoza yakawa mbolea, na juu ya matuta hupandwa maharagwe, halafu mahindi. Hakuna afisa aliyewafundisha kwa kiboko. Waliipata njia hiyo kwa kuuangalia mlima wao wenyewe.

Mfano wa tatu ni kihamba cha Wachaga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kihamba ni bustani inayoizunguka nyumba. Juu kabisa kuna miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga. Tone la mvua haligongi ardhi tupu. Huanguka kutoka jani hata jani, hata limechoka kabla ya kufika chini. Tena maji ya mlimani huongozwa kwa mifereji iitwayo mifongo, nayo hugawanywa kwa taratibu walizopatana. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutia kihamba cha Shimbwe Juu katika hesabu ya urithi wa kilimo wa ulimwengu.

Tukiyaweka mambo haya matatu pamoja twajifunza nini? Kwamba udongo mweusi usiondolewe juu. Kwamba ardhi isiachwe uchi. Na kwamba kipimo kilichofaa kwa mlima mmoja chaweza kuuharibu mlima mwingine. Ndiyo maana hatumwambii msomaji, "Chimba hivi," kabla hajakipima kiwanja chake.

III. KUPIMA KIWANJA

Kwanza upimwe udongo. Chimba mashimo matatu, moja juu ya kiwanja, moja katikati na moja chini, kila moja lifike kina cha goti au zaidi. Angalia udongo mweusi una unene gani, na mwamba au kokoto zaanza wapi. Penye udongo wa kina cha mita moja waweza kuchimba makinga maji. Penye udongo usiofika nusu mita usichimbe ngazi hata kidogo. Weka mistari ya mawe na ya majani tu, na kuacha udongo ukae mahali pake.

Pili upimwe ukali wa mteremko. Chukua fito iliyonyoka ya mita 2. Weka ncha moja juu ya ardhi upande wa juu, na ncha ya pili uiinue mpaka fito ikae sawasawa kwa pimamaji la fundi. Kisha pima toka ncha ile iliyoinuliwa hata ardhini. Ikiwa ni sentimita 40, mteremko wako hushuka mita 20 kwa kila mita 100.

Tatu upimwe mstari wa usawa, yaani mstari unaouzunguka mlima pasipo kupanda wala kushuka. Kosa la wengi ni kuukisia kwa macho, na macho hudanganya mlimani. Tengeneza kipimo chenye umbo la herufi A. Funga fito mbili za mita 2 kwa juu, miguu yake iachane mita 2, na katikati funga fito ya kukingama. Toka juu ning'iniza uzi wenye jiwe, uwe timazi. Simamisha kipimo juu ya vigingi viwili, utie alama uzi unapogusa fito ya katikati. Kisha kigeuze, miguu ibadilishane vigingi, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa waweza kutembea mlimani toka mguu hata mguu, ukipigilia kigingi kila uzi ukaapo katikati. Mtoto wa shule aweza kujifunza kazi hiyo kwa saa moja, na gharama yake ni uzi tu.

Mistari ikae umbali gani? Kwa bustani za nyumbani twashauri kila mstari uwe chini ya mwenzake kwa kimo cha mita 1.5, karibu sawa na macho ya mtu mzima. Penye mteremko wa 10 kwa 100, umbali utakuwa mita 15. Penye 20, mita 7 na nusu. Penye 30, mita 5. Na penye 50, mita 3. Mahali palipo pakali kuliko hapo pasilimwe mboga. Pawe pa miti, majani na nyuki.

IV. KAZI YENYEWE, TOKA JUU KWENDA CHINI

Kazi ya mlimani huanzia juu. Anayeanzia chini ataona maji ya juu yakibomoa alichokijenga jana.

1. Mtaro wa juu. Kwenye mpaka wa juu wa kiwanja chimba mtaro wa kuyapokea maji ya kilimani yasiingie bustanini kwa nguvu. Mtaro huu haukai sawasawa, bali hushuka kidogo sana, sentimita 1 kwa kila mita 2. Ili kuupata mshuko huo, funga kibao chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu mmoja wa kipimo, na mguu huo utangulie upande maji yanakokwenda. Udongo wa mtaro huu utupwe upande wa chini, uwe tuta. Mwisho wake uwe mahali penye majani mengi au miamba, wala si njiani, wala si kwa jirani.

2. Nyumba na ua wake. Wengi hukata mlima ili kupata pa kujenga, na udongo uliokatwa huumwaga mbele. Basi nusu ya kiwanja huwa ardhi ngumu, na nusu huwa udongo wa kujaza. Nyumba isimame juu ya ardhi iliyokatwa, maana udongo wa kujaza huendelea kushuka na kuta hupasuka. Nao ukingo uliokatwa nyuma ya nyumba usiwe karibu na ukuta. Uache nafasi isiyopungua kimo cha ukingo wenyewe, uulaze ukingo kidogo, na kuupanda majani.

Jambo hili si la uzuri tu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka toka mlima Hanang, huko Manyara, yakaingia Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 walikufa. Msiba mkubwa kama ule hauzuiliwi na ukuta wa bustani. Lakini mlima mara nyingi hutoa dalili kabla ya kuteleza: nyufa ndefu katika ardhi upande wa juu, miti na nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi mpya palipokuwa pakavu, milango iliyokuwa ikifungika vizuri na sasa yakwama. Akiona dalili hizo wakati wa mvua nyingi, mwenye nyumba awatoe watoto na wazee usiku huo huo, na kuwaarifu wakubwa wa kijiji. Asingoje asubuhi.

3. Maji ya paa. Weka mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa, uyapeleke maji katika pipa au tangi. Yanayofurika yaelekezwe katika shimo pana lililojazwa majani na takataka za kuoza, na kulizunguka shimo hilo pandwe migomba. Maji yaliyokuwa yakichimba msingi wa nyumba sasa yatakuwa ndizi.

4. Makinga maji. Penye udongo wa kutosha, katika kila mstari uliopimwa sawasawa chimba handaki lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo wake uutupe upande wa juu. Njia hii huitwa "fanya juu", nayo imeenea sana kwa Wakamba wa Machakos, nchini Kenya. Uache nafasi ndogo kati ya handaki na tuta, udongo usirudi ndani. Juu ya tuta panda majani siku ile ile mvua ianzapo. Kila mvua italeta udongo kidogo nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa ngazi itakuwa imejijenga yenyewe, bila kuufukia udongo mweusi. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Ukuta wa mawe. Penye mawe mengi usiyaone kuwa adui. Chimba msingi mpaka ardhi ngumu, weka mawe makubwa chini, na kila jiwe likalie mawili. Ukuta uegemee mlimani, kwa kila sentimita 60 za kimo urudi nyuma sentimita 10. Nyuma yake ujaze kokoto, ili maji yapite. Usijenge kuzidi kimo cha mita moja. Kuta mbili fupi zashinda moja ndefu. Kama fundi atumia saruji, aache matundu chini, maana ukuta usiopitisha maji husukumwa nayo mpaka uanguke.

6. Vijia. Njia ishukayo moja kwa moja toka mlangoni hata kisimani ndiyo korongo la kesho. Vijia vipindepinde vikikatiza mlima, na mahali pakali pawekwe ngazi za mawe. Kila baada ya hatua chache weka jiwe au gogo la mshazari, liyatoe maji njiani na kuyapeleka kwenye majani.

7. Mimea. Juu ya matuta panda majani ya tembo, mchaichai au vetiva. Mahali pakavu panda mkonge, mmea ambao watu wa Kilosa waujua vizuri toka mashamba makubwa ya zamani. Mananasi nayo hushika ukingo na kuzaa matunda. Kati ya matuta panda mboga, kunde, mbaazi na viazi vitamu, ambavyo huifunika ardhi upesi. Mihogo usiipande ukingoni, kwa kuwa siku ya kuing'oa utaubomoa ukingo wako. Miti ya matunda, kama miembe na miparachichi, ikae upande wa juu wa tuta au katika shimo lenye ukingo wa nusu mwezi. Na palipo wazi pafunikwe kwa matandazo. Mabaki ya mahindi unayoyachoma moto mwezi wa Oktoba ndiyo nguo ya mlima mwezi wa Desemba.

V. JIRANI WA CHINI

Bondeni mtu huona mpaka wa kiwanja kuwa ndio mwisho wa kazi yake. Mlimani sivyo. Kila nikitoa maji kwangu, yupo wa kuyapokea, na mara nyingi huyo ni mjane au mzee aliyepewa kiwanja kilichobaki. Tumesikia mashauri mengi ya majirani ambayo yalianza kwa maneno ya mpaka, na chanzo chake kilikuwa mtaro mmoja uliogeuzwa usiku.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba, majirani wa mstari mmoja toka kilimani hata bondeni wakutane, watembee pamoja katika kiwanja cha kila mmoja, wakubaliane maji yatapita wapi. Njia hiyo ya maji iwe pana, isiyo na kina, yenye majani yasiyong'olewa, na iwe mali ya wote. Nao walioko karibu na mto wakumbuke kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingoni. Anayeupanda ukingo wa mto mboga hata majini, amelima kitanda cha mgonjwa.

Hapa wainjilisti na wazee wa sharika wana kazi, lakini wajihadhari. Waluguru hawakukataa kuutunza mlima wao. Walikataa amri isiyoujua mlima wao. Basi mwinjilisti asisimame akawahimiza watu matuta hali nyumba yake mwenyewe haina hata moja. Aanze na kiwanja chake au kiwanja cha shule, apime, achimbe mistari miwili tu, na angoje mvua. Mvua ikipita, awaite watu waangalie: maji yako wapi, na udongo uko wapi. Mlima utafundisha. Halafu watu wenyewe wakitaka, wafanye kazi kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakianza na walioko juu kabisa na walio dhaifu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

VI. MAJIRA YA KAZI NA MATUNZO

Kupima na kuchimba kufanyike wakati wa ukame, toka Agosti hata Oktoba, kazi za shamba zikiwa zimepungua. Majani na miche viwe tayari kabla ya mvua, ili vishike mizizi kwa mvua za kwanza. Mbuzi wasiachiwe kuingia mwaka wa kwanza. Baadaye majani hayo yatakatwa na kuwa chakula chao zizini.

Tena baada ya kila mvua kubwa mwenye bustani azunguke na jembe lake. Tuta lililokatika mahali padogo kama upana wa kiganja, aliziba siku ile ile. Maana maji yote ya mstari yatatafuta tundu hilo moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Handaki lililojaa udongo alizoe, na udongo ule aurudishe juu. Huo ndio udongo wake mwenyewe. Ameukamata kabla haujafika Mkondoa.

Mwaka wa kwanza mwenye bustani ataona jasho tu. Mwaka wa pili ataona maji yake ya mvua yamekuwa meupe kuliko ya jirani. Mwaka wa tatu, jirani atakuja kuuliza. Ampe kile kipimo cha fito tatu na uzi, waende wakapime pamoja.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini bustani ya mteremko huanzishwa toka juu?
2. Paa la nyumba yako lina mita ngapi kwa ngapi? Mvua ya milimita 50 italeta ndoo ngapi za lita 20?
3. Matuta ya Uluguru na ngoro za Wamatengo yote yalikusudiwa kuzuia udongo. Mbona moja liliachwa na lingine limedumu?
4. Katika kiwanja chako, udongo mweusi una unene gani juu, katikati na chini? Je, wafaa kuchimba, au kuweka mawe na majani tu?
5. Maji yatokayo kwako huingia kwa nani? Umewahi kwenda kutazama yanavyofika huko?
6. Taja dalili nne za mlima unaotaka kuteleza, na jambo la kufanya ukiziona usiku.

Wasomaji wajadiliane maswali haya wakiwa wamesimama bustanini.